Cheti cha Kompyuta ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Ipo siku watu watauliza mambo yalikwendaje, na majibu yawepo.

Hali ilivyo. Mama amelazwa hospitali kubwa, nyuma tu ya duka la fotokopi ninapofanya kazi. Ijumaa anapasuliwa koo. Daktari hakuficha. Uvimbe utatoka, na sauti itatoka nao. Mama akauliza kama na kukoroma kutatoka. Daktari alicheka. Mimi nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Mama alikuwa opereta wa simu, enzi zile za kuunganishwa laini kwa mkono. Nusu ya mji ilimjua kwa sauti bila kumjua kwa sura. Na Dada ana mimba, ya kwanza, baada ya kungoja hadi tukaacha kuuliza. Amelazwa chali huko mji wa mbali, haruhusiwi hata kuchota maji. Kwa hiyo Mama, tangu aambiwe habari ya koo, amekuwa akijirekodi kwenye kompyuta yake nyumbani kwa ajili ya mjukuu. Hadithi, maonyo, nyimbo. Folda nzima. Umebaki wimbo mmoja tu wa kubembelezea, aliuacha kwa sababu ya mafua.

Nyumba ya Mama iko mbali, safari ya kutwa, na imefungwa. Ufunguo anao jirani, Mama Cherehani, mshonaji. Kompyuta imeachwa ikiwaka. Shemeji, mume wa Dada, aliweka programu ya kuingilia kwa mbali: unakaa na laptop hapa, unaona kioo cha ile ya kule. Mama anaimba wodini, wimbo unalala nyumbani.

Leo nimebeba laptop ya dukani. Bosi hajui, na sikuona sababu ya kumsumbua. Nikachomoa birika la manesi kupata soketi. Nikabonyeza. Likaja onyo jekundu: cheti cha usalama cha kompyuta ya mbali kimekwisha muda, utambulisho wake hauwezi kuthibitishwa, muunganisho umekataliwa.

Ala! Kompyuta nayo inadaiwa cheti!

Nimempigia Shemeji. Yeye ni fundi wa mitandao, ana vyeti vyake ukutani, vyote na vioo. Namwita Taratibu kwa sababu ya anavyoongea. Akanieleza, taratibu, kwamba cheti ni kama kitambulisho. Kompyuta ya nyumbani inakionyesha kwa hii ya hospitali ili ijulikane ndiyo yenyewe, si ya mwizi. Muda umekwisha, kinatakiwa kingine. Atakifanya Jumamosi zamu yake ikiisha. Akasema shemeji, tafadhali usiguse chochote.

Jumamosi! Mama atakuwa hana cha kuimbia.

Dada akadakia kule nyuma kwamba basi Mama aimbe kwenye simu. Mama naye akasema sawa. Nikakataa. Nikasema sauti ya simu ni ya kopo, mjukuu hatasikilizishwa kopo, kazi hii naiweza mimi. Mama akasema haya baba.

Sista mkuu wa wodi akaingia akitafuta aliyechomoa birika. Nikamsaidia kutafuta.

Jumanne, 4 Machi

Mimi ni kichwa! Na niandike hapa, maana hakuna mwingine atakayeniandikia.

Nimewaza hivi. Cheti kimekwisha muda. Nani kasema kimekwisha? Kalenda ya laptop. Basi si nibadilishe kalenda? Nimeirudisha laptop mwaka jana, mwezi kama huu. Nikabonyeza. Laptop ikaamini iko mwaka jana, cheti kikawa kizima, kioo cha nyumbani kikafunguka chote, na picha yetu ya zamani nyuma yake. Shemeji asome tena!

Nilimweleza Mama. Akasema kama tuko mwaka jana basi koo lake halina kitu, aondolewe sindano. Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka hadi akakohoa.

Mama akaimba. Alianza chini, nikadhani atakatika. Hakukatika. Wodi nzima ilinyamaza, hata Sista alisimama mlangoni na faili lake. Ni wimbo alioniimbia mimi, nilikuwa nimeusahau, nikaujua kuanzia neno la kwanza. Nilijidai nakagua waya chini ya kitanda mpaka macho yakakauka.

Folda ina nenosiri (Mama amenitajia), tena ameifunga kwa namna ambayo faili halifunguki nje ya kompyuta ile. Nikamuuliza ya nini kufuli lote hilo. Akasema kwa sababu yangu. Eti siku moja nilipokwenda kumsalimia nilifungua faili moja nikacheka anavyoimba, ndipo akamwomba mkwe wake apige kufuli. Nikasema sikucheka, nilipaliwa.

Amenipiga busu la utosini. Akasema nimemaliza kazi ya Mungu. Sijawahi kusifiwa hivi tangu nipone tetekuwanga.

Simu yangu imejaa rekodi za sauti anazonitumia Mama. Kila akilala vibaya, rekodi. Kila akiletewa uji wa baridi, rekodi. Sizisikilizi, ni ndefu na mimi mtu wa shughuli. Zinarundikana tu. Nitazisikiliza nikitulia.

Jumatano, 5 Machi

Nimeumbuka.

Nilisahau kuirudisha laptop mwaka huu. Asubuhi nzima nimechapa stakabadhi za mwaka jana. Mwalimu mmoja amechapiwa barua ya kuomba uhamisho, tarehe imejiweka yenyewe, akaipeleka, akaulizwa alikuwa wapi mwaka mzima. Alirudi dukani amevimba kama andazi. Bosi akafungua laptop, akaona kalenda, akaona na programu ya Shemeji. Sitaandika aliyoyasema. Baadhi yalihusu kichwa changu na umbo lake.

Ameirudisha saa mwaka huu, na ameweka nenosiri kwenye mipangilio yake. Duka zima tuko wawili, na yeye anajiamini. Kwa hiyo nenosiri ni la kunizuia mimi.

Jioni nikaenda wodini na laptop (Bosi alikuwa msalani). Mama alitaka kuusikia wimbo wake mara moja tu kabla ya Ijumaa. Onyo jekundu. Cheti kimekwisha muda. Nikajaribu tena. Onyo. Nikaizima nikaiwasha. Onyo. Mama akasema tafadhali niache, wimbo si umeshakaa nyumbani? Hauendi popote. Ataimbiwa mtoto, siyo yeye. Shemeji naye kwenye simu akasema vivyo hivyo, mafaili yako salama, Jumamosi atalimaliza, tafadhali shemeji.

Wote wawili wananiambia tafadhali kwa sauti ileile. Hawajui inavyoudhi. Jana nilikuwa mwana wa maana, leo nimerudi kuwa mtu wa kuambiwa asiguse.

Ng'o! Hili nitalimaliza kesho, tena kutoka kwenye mzizi wake.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi. Mpango ni huu. Ubaya uko kwenye cheti cha zamani. Cheti cha zamani kikifutwa, kompyuta itajitengenezea kipya yenyewe. Nimesoma kwenye mtandao. Si lazima uwe na vyeti ukutani.

Nimempigia Mama Cherehani aingie ndani kwa Mama. Akaniuliza hali ya mgonjwa, akaniuliza hali ya Dada, akaniuliza naoa lini. Kisha akakaa kwenye kompyuta. Akasema maandishi ni madogo kuliko tundu la sindano, akarudi kwake kufuata miwani. Akarudi na miwani ya marehemu mumewe. Tukaanza.

Nilimwongoza mpaka kwenye vyeti. Akaniambia vimepangwa vikapu vikapu. Akavisoma kimoja kimoja kama anasoma vipimo vya gauni. Nikamuuliza kipi kimeandikwa muda umekwisha. Akasema hiki hapa. Futa. Akafuta. Nikamwambia afungue na kikapu kingine, kile kilichoandikwa Binafsi. Mle kulikuwa na kimoja, matumizi yake eti kufunga mafaili. Sikukielewa, na sipendi kitu nisichokielewa kikae kwenye mashine ninayoitengeneza. Futa na hicho.

Akasema pametokea maneno. Akayasoma: ukifuta cheti hiki hutaweza tena kufungua mafaili yaliyofungwa nacho, je, una uhakika? Akayasoma tena, polepole. Akaniuliza mwanangu, wanauliza kama una uhakika.

Nikamwambia kompyuta zimezaliwa na woga, zinauliza hivyo kila kitu, abonyeze Ndiyo. Akasema yeye kitambaa cha watu hakikati mpaka mwenyewe awepo. Nikamwambia mimi ndiye mwenyewe. Akabonyeza. Nikamwambia azime awashe. Akazima akawasha, akaniaga, ana suruali ya mtu.

Adhuhuri. Imekubali! Laptop imelalamika kidogo kwamba cheti ni kipya na haikijui, nikaweka alama ya usiniulize tena. Kioo cha nyumbani hiki hapa. Picha yetu hii hapa. Bila kugusa saa! Nimesimama dukani nikapiga makofi peke yangu. Bosi amenitazama akaendelea kula.

Baadaye kidogo. Folda imefunguka. Majina yote yapo, kwa rangi ya kijani. Siku Yako ya Kwanza Shule. Ukigombana na Mama Yako. Kuhusu Mjomba Wako (hili nitalisikiliza kwanza). Namna ya Kuomba Radhi. Wimbo.

Nimebonyeza Wimbo. Huna ruhusa ya kufungua faili hili.

Nimebonyeza Kuhusu Mjomba Wako. Huna ruhusa.

Yote. Huna ruhusa, huna ruhusa, huna ruhusa. Nimebadilisha jina la faili. Nimelihamisha. Nimejipa ruhusa mwenyewe, kompyuta ikanikubalia nimejipa, kisha ikasema sina. Nimempigia Mama Cherehani arudi abonyeze palepale nyumbani. Akabonyeza. Akasema mwanangu, inasema huna ruhusa, au inanisema mimi?

Nimerudi kwenye fotokopi, nimechapa vitambulisho vya watu vichwa chini.

Nimempigia Shemeji. Nikajitia hamnazo. Nikasema nina rafiki, tena rafiki wa mbali, amefuta cheti cha kufungia mafaili, sasa hafungui kitu, afanyeje. Akafikiri. Taratibu. Akasema pole yake huyo rafiki. Cheti kile ndicho ufunguo wenyewe. Kompyuta ikitengeneza kingine, kinakuwa ufunguo mwingine wa kufuli jingine. Mafaili yapo lakini hayafunguki tena, hata na aliyeitengeneza kompyuta. Isipokuwa kama alitoa nakala ya ufunguo akaiweka pembeni.

Nikauliza watu huweka nakala? Akasema mtu mwenye akili anaweka. Akasema mathalani ya Mama, yeye aliiweka kwenye flash nyekundu, iko kwenye droo ya kitanda cha Mama kule nyumbani. Kwa hiyo kwa Mama hakuna wasiwasi.

Flash nyekundu iko kwenye mnyororo wa funguo zangu. Niliichukua kwenye droo ile nilipokwenda tena kumsalimia, nikiwa na kiu ya flash. Ilikuwa na kifaili kimoja kidogo kisichofunguka. Nikakifuta, nikajaza mabango ya wateja, nikafuta, nikajaza tena, sijui mara ngapi. Nilikuwa nimeishika mkononi wakati Shemeji anaongea. Akauliza huyo rafiki anaitwa nani. Nikasema mtandao unakatika.

Jioni. Nimetoka wodini. Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Nilikwenda kumwambia. Naapa. Njiani nilikuwa nimeshayapanga maneno. Upasuaji ni kesho asubuhi, leo sauti bado ipo, angeweza kuimba tena kwenye simu, hata wimbo ule mmoja, hata ile ya Namna ya Kuomba Radhi.

Nikamkuta amekaa kitako, amefungwa kitambaa kipya kichwani, wanawake wa wodi wamemzunguka. Sista amemwambia apumzishe sauti, amekataa. Alikuwa anaigiza simu za zamani: mfanyabiashara anayetaka kuunganishwa na mchepuko, akaunganishwa na mkewe. Alifanya sauti zote tatu. Wagonjwa walikuwa wanashikilia mishono yao.

Aliponiona akauliza mafaili yake yapo. Macho yote yakanigeukia. Nikasema yapo. Na si uongo, majina yapo yote.

Akauliza wimbo upo. Nikasema upo.

Akashusha pumzi. Akawaambia wenzake, mwaona huyu mwanangu, mimi ya mjukuu nimeshayaweka akiba, leo iliyobaki naichezea. Akaendelea. Akaigiza kasisi aliyelala na simu sikioni. Akaniigiza mimi nikijifunza kusema. Akaongea, akaongea, mpaka sauti ikawa inakwaruza, na simu ilikuwa mfukoni mwangu, ningeitoa tu nikaiweka kitandani. Nisingeweza. Angeuliza unanirekodia nini na mafaili yapo? Mkono ulifika mfukoni mara kadhaa ukarudi.

Nimekaa hapa kitandani kwangu nimeishika simu. Mimi ni mtu mbaya au ni cheti? Nadhani ni cheti. Hapana.

Ijumaa, 7 Machi

Walimchukua mapema. Nilitembea pembeni ya kitanda cha magurudumu mpaka pale pasiporuhusiwa. Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguliwa nikasema Mama. Nilitaka kusema yote. Sista alikuwa ananivuta mkono.

Mama akageuza kichwa, akatoa ile sauti yake ya kazini, ya kwenye meza ya opereta, akasema: "Muda wako umekwisha mpendwa mteja. Asante kwa kupiga."

Akacheka. Mlango ukafungwa.

Amepasuliwa salama. Daktari amefurahi. Nimemshukuru. Nimekwenda uani nikalia kama mtoto, mfagiaji akaniletea maji akaniambia si mgonjwa wangu amepona? Nikamwambia ndiyo, amepona.

Jumamosi, 8 Machi

Taratibu amemaliza zamu. Ameingia kwenye kompyuta ya Mama. Amepiga simu.

Hakupayuka. Angepayuka ningejua la kufanya. Aliuliza tu, taratibu, nani amefuta vyeti. Nikasema huenda ni yule jirani, macho yake mabovu, anavaa miwani ya marehemu, huenda aliingia kufuta vumbi akabonyeza. Nilisikia maneno yananitoka, nikayaona yakienda, sikuyarudisha.

Akauliza na flash. Nikasema flash gani?

Jumapili, 9 Machi

Dada amempigia Mama Cherehani. Amemsema. Dada, ambaye hatakiwi hata kupandisha presha, amempigia kelele mwanamke wa watu aliyekuwa anamwagilia maua ya Mama. Mama Cherehani amelia kwenye simu. Kisha akasema, kwa adabu, kwamba yeye alimsomea kijana maneno yote, tena mara mbili, akamuuliza kama ana uhakika.

Dada hakunipigia. Ameandika neno moja tu kwenye simu: Kwanini.

Nimeandika majibu marefu. Nimefuta. Nimeandika kwamba nilitaka Mama ausikie wimbo. Nimeipeleka hiyo. Ni kweli, lakini ukiisoma inaonekana ndogo sana.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Mama.

Ana bomba kooni na kibao cheupe mapajani, na kalamu ya wino inayofutika. Nilisimama miguuni pa kitanda. Nilisema yote: saa niliyoirudisha, vyeti, flash, jirani niliyemsingizia, na Alhamisi ile nilipomwambia yapo. Yeye alinitazama tu. Kifua kilipanda kikashuka, bomba likatoa upepo. Alifungua mdomo. Nadhani alisahau. Hakikutoka kitu, akaufunga.

Niliomba anipige na kile kibao. Kweli niliomba.

Akachukua kalamu. Aliandika polepole, mkono bado hauna nguvu. Nilijua ni laana, nikasogea niipokee. Ameandika: UMEKULA?

Nilikaa chini sakafuni. Mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka usoni.

Baadaye alifuta akaandika simu yako. Nikampa. Alitafuta mwenyewe, alijua anachotafuta. Zile rekodi zake za sauti, zile nisizozisikiliza. Akafungua moja. Wodi ikamsikia akilalamika kwamba uji ni wa baridi, kwamba kitanda cha pili anakoroma kuliko yeye, kwamba mwanangu shati ulilovaa jana ni la juzi, kwamba tafadhali usiguseguse kompyuta yangu, mwachie mkwe wangu, lakini nakushukuru kwa kuja, miguu yako nikiisikia kwenye ngazi naijua. Mama alicheka. Mabega tu. Ni kitu kigumu kukiangalia, kicheko kisichotoka.

Akahesabu kwa kidole zilivyo nyingi. Akaandika: Dada yako hana hizi, tulikuwa tunapigiana tu. MPE MTOTO.

Kwa hiyo mtoto atakuwa na bibi anayelalamikia uji. Si haba.

Jumapili, 23 Machi

Mtoto amezaliwa! Wa kike. Nimekuwa mjomba. Dada amenipigia mwenyewe, mara ya kwanza tangu siku ile. Tulisikilizana pumzi, halafu mtoto akalia. Sauti anayo! Mama aliposikilizishwa alishika simu kwa mikono miwili, na kila mtoto akinyamaza yeye anaigonga simu kwa kucha, aendelee.

Wiki hii nilikwenda kwa Mama Cherehani kumwomba radhi, safari ya kutwa. Alinipokea, akanipa chai, akanishonea kifungo kilichokatika. Hakusema limekwisha. Alisema miwani amebadilisha.

Alhamisi, 27 Machi

Sasa Dada anazitaka rekodi za Mama. Mtoto halali. Shemeji amenipigia kunipa maelekezo. Eti nisihamishe kitu. Eti niifungashe simu yangu kama ilivyo, niipeleke kwa dereva mmoja rafiki yake anayeondoka Jumamosi, yeye atazitoa huko, atazinakili mahali patatu. Akasema hizo ndizo sauti za Mama zilizobaki duniani, hakuna nyingine. Akasema tafadhali shemeji. Nikamwambia nimeelewa. Na nimeelewa kweli. Mimi si mtoto.

Ila nimewaza. Simu ikikaa kwa dereva, ikaibiwa? Ikianguka? Na nitakaaje bila simu mpaka irudi? Halafu mtoto halali leo, siyo wiki ijayo. Kuna programu nimeipata mtandaoni, ya bure, inahamisha rekodi zote kutoka kwenye simu kwenda kwenye laptop na kuzisafisha mikwaruzo kwa mara moja. Dada atazipata jioni hii, zimenyooka, sauti ya Mama safi kama enzi za mezani. Taratibu atazikuta zimefika. Sitasema kitu. Nitamwacha aone.

Nyingine bado sijazisikiliza mwenyewe. Nazitunza. Nitazisikiliza zikishasafishwa, nikitulia.

Bosi amekwenda kula. Nimechomeka waya. Programu imeona simu, imezihesabu rekodi zote, imesema iko tayari kuzihamisha na kuzifuta kwenye simu ili kuongeza nafasi. Kisha limekuja onyo, jekundu. Cheti cha mtengenezaji wa programu hii hakiwezi kuthibitishwa. Mafaili yako yanaweza kupotea. Je, una uhakika?

Yaani mashine hizi na woga wao! Nimebonyeza Ndiyo.